Maili Ishirini na Mbili hadi Mjini

Maiti ya Protasi, katibu wa kijiji, ilikutwa asubuhi ya Jumanne imelala kifudifudi ndani ya ofisi ya kijiji, chini ya ubao wa darasa la kisomo cha watu wazima. Nyuma ya sikio la kulia palikuwa na jeraha moja tu. Damu ilikuwa imeganda, na siafu walikwisha kuijua njia.

Inspekta Ildefonce Bulugu alifika kijijini Keza saa nne kutoka Ngara, amejaa vumbi na amekasirika. Land Rover ya polisi ilizimika mara tatu njiani, na mara zote tatu aliyesukuma ni yeye, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na mwili. Alikuwa Msukuma wa Biharamulo, mrefu na mnene, na vilima vya Ngara alivichukia kama shemeji mchokozi. Ilikuwa Oktoba 1979. Miezi sita ilikuwa imepita tangu jeshi letu liingie Kampala, na vijana wengi wa Keza walikuwa bado huko.

"Nani alimwona kwanza?"

"Mimi," alisema Mwenyekiti Celestini. Macho yake yalikuwa mekundu. "Kila siku saa kumi na mbili Protasi anagonga kengele, watu wanakwenda shamba la kijiji. Leo kimya. Nikaja kumgombeza."

"Umegusa kitu?"

"Nimemgusa yeye, bwana. Ni rafiki yangu."

Kengele ya kijiji ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa nje, na nondo ya kuigongea ilikaa ndani, nyuma ya mlango. Konstebo Kwandu, aliyekuja na Inspekta, aliikuta sakafuni, imefutwa kwa majani. Aliizungushia gazeti iwe kielelezo. Alama za vidole zingepelekwa Dar es Salaam, na majibu yangerudi Krismasi, Mungu akipenda.

Daktari waliyekuja naye kutoka Ngara alipiga magoti, akapima, akainuka.

"Pigo moja. Jana jioni, kati ya saa kumi na moja na saa moja. Alikuwa ameketi, mpigaji kasimama nyuma yake."

"Mwanamume?"

"Au mwanamke anayelima. Na hapa wote wanalima, Inspekta."

Hakuna kilichoibwa. Redio ya kijiji ilikuwa mahali pake, na baiskeli pia. Katika mfuko wa shati la marehemu mlikuwa na barua iliyokunjwa mara nne. Bulugu aliifungua.

"Mama mpendwa, shikamoo. Mimi mzima, nimepandishwa cheo kuwa koplo. Nimeomba likizo. Mvua hazitakolea kabla sijafika. Mwambie Katibu Protasi nitakuja kuonana naye uso kwa uso. Mwanao, Gozbert."

"Gozbert ni nani?"

Mwenyekiti aliangalia chini. "Mtoto wa mama Rozalia. Mwana wa pekee. Mwaka jana ilipokuja amri ya mgambo, aliyeandika majina ni Protasi. Akamwandika na Gozbert. Siku ya kupanda lori yule kijana alimwambia Protasi mbele ya kijiji kizima: 'Nikirudi, wewe na mimi tutaongea.'"

"Amerudi?"

"Mimi sijamwona. Lakini barua unayo mkononi, bwana."

Bulugu alikuwa nayo, na hakuipenda. Askari akitoroka kikosi chake na kuua katibu wa kijiji, mwisho wake ni kamba. Na mjane mwenye mwana mmoja angebaki na nani?

"Jana jioni nani walikuwa hapa?"

"Darasa la kisomo. Protasi ndiye mwalimu. Wanafunzi kumi na saba, wote wanawake. Sisi wanaume tunasema macho yetu mabovu."

Huko Keza barua ilikuwa mali ya wote. Ikifika, Protasi aliisoma kwa sauti ofisini, mwenye barua akiwa mbele na majirani nyuma yake, na watu wakaangua kicheko au wakashika vichwa. Ikishasomwa iliwekwa kwenye faili ofisini, maana nyumbani mchwa hawajui barua wala ukindu. Faili lenyewe liliandikwa BARUA ZA ASKARI. Bulugu alilipekua, akatoa barua saba za Gozbert, akazitia mkobani pamoja na ile ya mfukoni.

*

Rozalia alikuwa ameketi kwenye mkeka mlangoni pake, kitenge kimemfunika kichwa chote. Kando yake alikuwepo jirani yake, Felisita, na mtoto mgongoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu."

"Jana ulikwenda kwenye kisomo?"

"Ego, nilikwenda."

"Ulitoka saa ngapi?"

"Nilitoka na wenzangu."

"Gozbert amekuja nyumbani?"

Mama yule alimtazama kwa muda mrefu. "Hapana. Gozbert hajafika hapa."

"Una hakika?"

"Mtoto wangu akifika, baba, mimi nitajua."

Bulugu alikohoa. Alikuwa mtu wa kuwahurumia akina mama, na kazi ile ilimchoma. "Basi mimi nitakwenda Kampala kumtafuta. Kama yuko kikosini kwake, jina lake litakuwa safi. Nitakuja kukwambia mwenyewe."

Felisita aliposikia neno Kampala aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Mume wake, Ciza, alikuwa kikosi kimoja na Gozbert. Alikimbia kwake, akarudi na kifurushi cha karanga za kukaanga na kitambaa alichokidarizi mwenyewe. "Mwambie mtoto ameota meno mawili! Mwambie mbuzi amezaa! Mwambie asile vitu vya barabarani!" Alimpa Inspekta salamu za kujaza lori.

Rozalia alisema, "Safari njema, baba." Akashusha kitenge chake usoni.

*

Barabara ya Mutukula ilikuwa imemezwa na magari ya jeshi, na kikosi cha Gozbert hakikujibu simu ya upepo. Wakubwa wa Bulugu wakaamua: apitie Mwanza, huko kuna ndege ya jeshi inayokwenda Entebbe kila wiki. Akapita Biharamulo, akawaamkia wazee wake bila kukaa, akapita Geita, akavuka kwa kivuko Busisi. Alikuwa hajawahi kupanda ndege. Aliketi katikati ya magunia ya maharage na askari waliokuwa wakimcheka waziwazi, na juu ya ziwa alitapika ndani ya kofia yake.

Walipotua alishuka ngazi. Uwanja wa ndege wa Entebbe ulikuwa mkubwa kuliko kitu chochote alichowahi kukiona kilichojengwa na watu. Vioo vya jengo vilikuwa vimevunjika, ukuta una matundu ya risasi, na upepo wa ziwa uliingia na kutoka bila kuulizwa pasipoti. Ndani, mahali pa uhamiaji, aliketi sajenti mmoja wa Kitanzania na meza, muhuri na thermosi ya chai.

"Unatoka wapi, mzee?"

"Polisi, Ngara."

"Unakwenda wapi?"

"Mjini." Bulugu aliinama, akafunga kamba za viatu vyake vizuri. Alinyanyua mkoba. "Natokea mlango upi?"

"Unasubiri gari la nani?"

"La nini? Nitatembea."

Sajenti alimtazama, akamtazama mwenzake, na wote wawili wakacheka hadi chai ikamwagika. "Utatembea! Afande, mji uko maili ishirini na mbili kutoka hapa!"

Bulugu hakucheka. Alisimama pale na mkoba wake, akihisi aibu ya mtu wa shamba ikimpanda shingoni. Maishani mwake stendi ilikuwa katikati ya mji. Ukishuka kwenye basi Biharamulo, sokoni ni hapo. Alikuwa ameamini ndege nayo ni hivyo hivyo, inakushusha mlangoni mwa mji. Na si imani yake tu, barua ilimwambia.

Aliketi sakafuni, akafungua mkoba, akatoa barua. Barua ya pili ya Gozbert ilikuwa wazi kabisa: "Nilishuka kwenye ndege saa nne asubuhi, nikavuka barabara, nikawa katikati ya Kampala. Taa mchana na usiku, maduka hadi juu ghorofani."

Anavukaje barabara moja mtu aliyeshuka hapa?

Alirudia barua ya kwanza. Ile ilikuwa fupi, ya Mei 23. "Mama, tumeshuka na ndege sasa hivi. Uwanja uko pembeni kabisa ya ziwa, mji hauonekani. Tunasubiri lori litupeleke. Nikifika mjini nitakwandikia." Herufi zilikuwa kubwa, zimelala upande, mkono wa kijana aliyeacha shule darasa la nne. Herufi za barua ya pili zilisimama wima, nadhifu, na nukta zake zote. Za tatu vilevile. Za nne, hadi ya nane. Bulugu alikuwa ameziona herufi hizo mahali pengine, ubaoni, juu ya maiti.

Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, na hii Protasi aliifupisha hadi ikawa ya kuvuka barabara. Protasi hakuwahi kufika mbali kuliko Bukoba. Bulugu alijilaumu vibaya. Barua hizo alizisoma kwenye Land Rover, kwenye kivuko, na kwenye kitanda cha wageni Mwanza, na mara zote alisoma maneno tu.

*

Nje alipata teksi ya Peugeot isiyo na kioo cha mbele. Alipomsemesha dereva kwa Kiswahili, dereva alirudi hatua moja nyuma. Huko Kiswahili kilikuwa kimekuwa lugha ya wenye bunduki.

"Usiogope, ndugu. Naomba unipeleke mjini."

"Umesema unaomba?" Dereva alishangaa. "Miaka minane sijasikia mtu anaomba kwa lugha hiyo. Ingia, ssebo."

Vizuizi vya barabarani vilikuwa vinne, na kila kimoja walishuka, wakakaguliwa, wakapanda. Ziwa liliwasindikiza, likapotea nyuma ya migomba, likatokea tena. Wanawake walitandaza ndizi kwenye majani, hakuna mnunuzi. Kupita Kajjansi barabara iliteremka kwenye bonde la mafunjo, na huko chini lori la jeshi lilikuwa limelala chali, magurudumu juu, mafunjo yameanza kuota ndani yake. Bulugu aliliangalia kama anavyoliangalia mtu gari bovu, akageuka upande wa pili.

Kisha vilima vilianza kuota nyumba, na nyumba zikapanda ghorofa. Walizunguka mnara wa saa iliyosimama, wakaingia katikati ya mji. Maduka yaliyosifiwa kwenye barua yalikuwa na mbao badala ya vioo, na mstari wa watu wakingoja sukari ulizunguka kona mbili. Taa hazikuwepo, mchana wala usiku. Bulugu alilipa, akashukuru, akauliza njia ya kambi.

Kikosi kilikuwa kimepiga kambi katika ghala moja lililoachwa wazi. Ciza alikuwa akinyoa mwenzake ndevu. Aliposikia Keza aliangusha wembe, akamkumbatia Inspekta kana kwamba ni mjomba wake.

"Gozbert namkuta wapi?" Bulugu aliuliza.

Mikono ya Ciza ilishuka polepole.

"Gozbert? Afande, Gozbert yuko Kaboya."

Bulugu aliijua Kaboya. Kila mtu wa Kagera aliijua. Ndipo walipozikwa askari, huko huko mkoani kwetu, njia ya kwenda Bukoba.

"Tangu lini?"

"Siku ile ile tulipotua. Vita vilikuwa vimekwisha, afande. Tulikuwa tunaimba. Tairi la mbele likapasuka, lori likaingia bondeni. Walikufa watatu. Mimi nilivunjika mkono tu."

"Bondeni wapi?"

"Kupita Kajjansi. Umelipita, bado liko pale."

Bulugu aliketi kwenye sanduku.

"Nyumbani hawakuambiwa?"

"Waliambiwa! Karani alipeleka barua ya jeshi mwezi wa sita, kupitia ofisi ya kijiji. Na mimi nilimwandikia Felisita. Nilimwambia mwende mkamlilie na mama Rozalia, msimwache peke yake." Ciza alimkodolea macho. "Felisita hakusomewa?"

"Felisita haijui barua hiyo."

"Msomaji si ni Protasi?"

"Alikuwa Protasi," alisema Bulugu.

Kwenye daftari la karani barua ilikuwepo: Juni 4, kwa Rozalia, kupitia kwa katibu wa kijiji. Katika faili la Keza haikuwepo. Kuna mtu aliichukua.

Ciza alifungua kifurushi chake. Alikula karanga mbili huku machozi yanamtoka, akacheka kuhusu yale meno, akakinusa kitambaa. Kisha akauliza, "Na mama Rozalia? Alijua unakuja kumtafuta Gozbert. Amempa nini?"

"Hakunipa kitu."

"Hata salamu?"

Kwao Biharamulo, kwao Ngara, kokote anakokujua, mtu akisema anakwenda aliko mwanao, utamfunga hata kiazi kimoja. Huna kiazi, utampa neno. Rozalia alikuwa hajamwona mwanawe mwaka mzima, na alimwambia polisi safari njema tu.

Alikwisha kujua kwamba salamu zake hazina wa kupokea.

*

Siku ya kumi na mbili Land Rover ilipanda tena Keza. Bulugu alimwacha Konstebo Kwandu kwenye gari, akaenda kwa miguu. Ilikuwa saa tisa mchana, kijiji kiko shambani. Kwa Rozalia hapakuwa na moto jikoni. Jembe lake lilikuwa limesimama ukutani, kavu, na mpini umejaa utando wa buibui.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umerudi."

"Nimerudi. Vua kitenge, mama. Tafadhali."

Alikivua. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa hadi ngozi, kama anavyonyolewa mfiwa, ila kwa mkono wake mwenyewe, maana kulikuwa na makovu ya wembe nyuma asikoweza kuona. Bulugu aliketi chini, kwenye udongo, kwa suruali yake ya kazi.

"Hulazimiki kusema neno lolote, mama. Utakalosema nitaliandika, na litasomwa mahakamani. Unanielewa?"

"Naelewa. Andika."

"Barua ya jeshi unayo?"

Aliitoa kifuani. Ilikuwa imelainika kama kitambaa kwa kukunjwa na kukunjuliwa.

"Uliipata wapi?"

"Ofisini, siku ya Alhamisi. Protasi alitoka kwenda kuita wengine. Mimi nilibaki najaribu kusoma kila kilichoandikwa, kama alivyotuambia, someni hata maboksi ya sabuni. Nikasoma faili. Nikaona jina langu. Jina langu ndilo la kwanza alilonifundisha, Ro-za-li-a. Nikasema, barua yangu hii, mbona sijasomewa? Nikaitia kifuani."

"Ukaisoma lini?"

"Siku tatu niliisoma. Mimi si mwepesi, baba. Ijumaa nilifika kwenye jina la mwanangu. Jumamosi nilifika kwenye neno lile. Nikalirudia. Nikasema nimekosea, mimi bado mwanafunzi. Jumapili sikwenda kanisani, nililisoma tena mchana kutwa. Kila nikianza linakuwa lile lile."

Bulugu aliandika. Kalamu ilikuwa nzito.

"Mbona hukumwambia mtu? Mbona hukulia?"

"Ningelia watu wangekuja, wangeuliza nani amesema. Nilitaka kumsikia Protasi kwanza. Jumatatu baada ya kisomo wenzangu walitoka, mimi nikarudi. Nikamwambia, katibu, nisomee habari za Gozbert. Nilimpa nafasi, baba. Mungu ananiona, nilimpa nafasi. Akaketi, akatoa karatasi mfukoni, akasoma. Mama mpendwa, shikamoo. Mimi mzima." Alizisugua kona za barua kwa kidole gumba. "Anasoma kwa sauti ya mwanangu. Siku zote alikuwa anaiga sauti ya Gozbert, tunacheka. Nimepandishwa cheo, anasema. Nimeomba likizo, anasema. Akamaliza, akaikunja, akaitia mfukoni huku anatabasamu."

"Ndipo ukampiga."

"Nilitaka ile sauti inyamaze. Nondo ilikuwa mlangoni. Nilipiga mara moja, ikanyamaza."

Upepo uliinua vumbi uani na kuliacha.

"Mwezi wa saba," Rozalia alisema, "alinisomea kwamba Gozbert amekaa Kampala kwenye nyumba ya ghorofa. Nilipika pombe, nikaita kijiji kizima. Nilicheza, mimi mzee, nikavunja na kibuyu. Mwanangu yuko ardhini miezi miwili na mama yake anacheza ngoma! Nani anafanyiwa hivyo? Hata mbwa wake hakumlilia. Waliomzika ni watu wasiojua jina la baba yake. Amezikwa wapi?"

"Kaboya, mama."

"Kaboya ya hapa kwetu?"

"Ya hapa kwetu."

"Ni siku moja kwa basi." Alilisema polepole, kama mtu anayesoma. "Na njia ile, baba, umeipita? Ya kutoka kwenye ndege hadi mjini?"

"Nimeipita."

"Niambie ya kweli."

Bulugu alimwambia. Alimwambia upepo wa ziwa, matundu ya risasi, ndizi juu ya majani, vizuizi. Alimwambia kwamba mji hauko kando ya uwanja, uko maili ishirini na mbili, na kwamba walikuwa wanaimba. Alimfikisha hadi kwenye bonde la mafunjo, na hapo akaishia.

"Alibakiza kiasi gani?"

"Kama maili tisa."

"Hakuuona mji."

"Hakuuona, mama."

Hapo ndipo Rozalia alipolia. Ulikuwa ukunga wa miezi mitano, na ulipanda kilima kimoja ukashuka cha pili. Mficha maradhi kilio humfichua, na kilio hakingoji mwaliko. Shambani watu waliacha majembe. Felisita alifika wa kwanza, akapiga kelele alipokiona kile kichwa kilichonyolewa. Wengine wakafuata mmoja mmoja, na kila aliyefika aliambiwa Gozbert amekufa, akaketi chini, akalia. Bulugu alikuwa na pingu mfukoni. Sheria ilimtaka azitoe. Alijifuta pua kwa mkono wa shati, akaziacha zilipo.

Kisha akina mama walipisha njia. Aliyeingia uani alikuwa Bernadetha, mjane wa Protasi, na nguo yake nyeusi. Hakuna aliyemwita. Alikaa kwenye mkeka, akamkumbatia Rozalia mabegani kama mfiwa anavyomkumbatia mfiwa mwenzake.

"Usinishike, Bernadetha," alisema Rozalia. "Niache."

"Pole, mama. Pole."

"Ni mimi. Protasi nimemuua mimi, kwa mkono huu. Inspekta ameandika."

Kilio chote uani kilikatika. Bernadetha hakuondoa mikono yake mara moja. Ilibaki pale mabegani, kisha ikateleza yenyewe.

"Ulijua habari za barua?" Bulugu alimuuliza Bernadetha kwa upole. "Kwamba anaziandika yeye?"

"Aliziandikia nyumbani." Bernadetha alikuwa anamtazama Rozalia tu. "Akimaliza anajifungia. Jina la Gozbert alilitia yeye kwenye orodha, lilimla mwezi hadi mwezi. Nilimwambia, nenda kamwambie mama wa watu, hii ni dhambi. Alikuja kwako mara tatu, mama Rozalia. Unamkumbuka? Unamkaribisha, unamuuliza mwanangu anarudi lini, anarudi nyumbani hajasema. Akaniambia, Bernadetha, mimi mdomo huo sina. Nitamfundisha kusoma."

Rozalia aliinua uso.

"Ndiyo maana alianzisha kisomo," alisema Bernadetha. "Nyinyi wengine wote mlikuwa wa kumsindikiza huyu. Aliniambia, akijua kusoma nitampa ile barua mkononi, nitoke nje, nimwachie mwenyewe. Jumapili aliniambia amebakiza somo moja."

Rozalia aliinyoosha ile barua ya jeshi juu ya magoti yake, akaweka kidole chini ya mstari wa kwanza, na midomo yake ikaanza kwenda, bila sauti, neno baada ya neno, huku Inspekta Bulugu akisubiri amalize.